Deni Lisilo na Mdai

Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote wa vitenzi, hakina kitenzi cha kutenda kinachomfaa mtu mwenye deni. Msomaji mpenzi, usinikubalie hivi hivi kwa sababu tu nimefundisha sarufi miaka mingi. Jaribu mwenyewe. Umechukua kilo mbili za sukari dukani na hujalipa. Utasemaje? Utasema "nadaiwa", na hiyo ni kauli ya kutendwa. Anayetenda ni mwenye duka, maana yeye ndiye anayedai. Wewe unatendwa tu, sawasawa na mtu anayepigwa au anayeitwa. Au utasema "nina deni", kama vile unavyosema nina kikohozi au nina baiskeli. "Nimekopa" ni kitenzi cha kutenda, sikatai, lakini kinaeleza tendo lililokwisha palepale dukani. Hakielezi ile hali unayotembea nayo mpaka siku ya kulipa. Lipo neno la zamani, kuwiwa, ambalo wafasiri wa Biblia ya 1952 walilitumia pale Mtume Paulo anapowaandikia Warumi kwamba ana deni kwa Wayunani na kwa wasio Wayunani. Nalo, ukilitazama vizuri, ni la kutendwa vilevile.

Jambo la namna hii halionekani mpaka lugha nyingine ikuoneshe, kwa kuwa mtu haioni miwani aliyoivaa. Lugha iliyonionesha mimi ni Kigiriki cha siku hizi, na najua msomaji atashangaa mzee wa Nyasura amekutana wapi na Kigiriki.

Sisi wa rika langu tuliwajua Wagiriki kwa mbali, kama watu wa mkonge wa Tanga na Morogoro na wa kahawa ya Kilimanjaro. Aliyebahatika kufika Dar es Salaam aliuona ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, ambao una jina la tajiri wa Kigiriki aliyetoa fedha za kuujenga. Huku kwetu, kando ya mji wa Bunda, katika barabara iendayo Musoma upande mmoja na Mwanza upande wa pili, hatukuwa na haja na lugha yao. Haja ililetwa na binti yangu, ambaye anaishi Athens tangu mwaka 2003. Yuko katika mtaa wa Kypseli, ambako Waafrika wengi wamepanga, na kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani. Watoto wake wamezaliwa huko. Kiswahili wanakisema, lakini ni Kiswahili cha simu: salamu nyingi, habari chache.

Jioni moja tulikuwa tunaongea kwa simu ya video naye akiwa duka la mikate. Nilimsikia akimwambia muuzaji maneno mawili, kisha akatoa fedha. Nikamwuliza amesema nini. Akajibu, "Nimemwuliza nadaiwa kiasi gani, baba." Mjukuu wangu wa kiume, wa miaka kumi, alikuwa ameshika simu. Akamkatiza mama yake: "Hapana, babu. Hajasema anadaiwa. Amesema kwamba yeye ndiye ana..., yeye ana...," akakwama. Alitafuta neno la Kiswahili mpaka uso ukakunjamana, halafu akacheka akaacha. Mama yake alimwona mtoto amesahau Kiswahili. Mimi nilikaa kimya, maana nami nilikuwa nalitafuta neno lilelile, na silipati.

Maneno yale mawili yalikuwa "Ti khrostao?" Neno la kwanza ni "nini". La pili ni kitenzi chenyewe. Kh yake ni ile ya "sheikh", na mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kwetu, kwa hiyo ulimi wa Mswahili haupati taabu kubwa. Kwa wiki mbili hivi nilikifanyia mazoezi uani kila asubuhi, hata mke wangu akaanza kunichemshia tangawizi akidhani kifua kimeniharibika. Sisi tunaweka mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, ni-, u-, a-; Wagiriki wanamweka mwishoni. Khrostao ni mimi, khrostas ni wewe, khrostai ni yeye. Sisi ni khrostame, ninyi ni khrostate, wao ni khrostane. Mjukuu alinisahihisha kwa ukali ambao nikiwa mwalimu mkuu nisingemruhusu mwalimu kijana kuutumia.

Lakini viambishi si kitu. Kilichonishika ni nani anasimama mbele katika sentensi. Kwetu mwenye fedha ndiye husema "nakudai", yeye ndiye mimi wa sentensi, na mwenzake ni kile kiambishi kidogo -ku- kilichobanwa katikati. Mgiriki anayekudai anasema "mou khrostas". Maana yake ni kama kusema: wewe ndiwe unayetenda deni hili kwangu. Mwenye fedha amegeuka kuwa mtendewa, na mwenye deni ndiye mtendaji. Jukwaa ni lilelile, watu ni walewale wawili, ila taa imehamishwa kutoka kwa mmoja ikammulika mwingine.

Tena kitenzi chenyewe si cha benki wala cha mahakama. Kwa barua za serikali wanalo neno jingine, ofilo, ambalo ni la tangu kale na ambalo pia linamaanisha "napaswa". Khrostao ni la dukani, la teksi, la jikoni. Mtu humwambia mwenzake aliyemwokoa kwamba "anamkhrostao" uhai wake. Na dada yake huyu mjukuu, ambaye yuko chuo kikuu, alipoulizwa atahitimu lini alisema bado anakhrostao masomo mawili. Nilipenda sana kusikia hivyo, kwa kuwa nimeshinda na wanafunzi maisha yangu yote. Sisi tungesema amebakiza masomo mawili, au ana sapu mbili, na maneno hayo hayana lawama ndani yake. Yule binti anasema masomo ni deni lake. Ukimwuliza anamlipa nani, profesa au mama yake au nafsi yake, atakuangalia tu. Kitenzi hakimlazimishi kujibu.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Kama deni ni kudaiwa, basi asipokuwapo wa kudai, deni limekwenda wapi?

Nilikuwa nimeshakutana na swali hili mwaka 2019, kabla ya kukijua kitenzi hicho. Mzee mmoja jirani yetu, mfugaji, alifariki mwaka huo, na familia ikaniomba niwe mwandishi wa msiba. Msomaji anajua desturi yetu: baada ya maziko msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba aliyekuwa akimdai marehemu, au aliyedaiwa na marehemu, awaone wafiwa. Kwa kawaida wanaodai huwa wengi na wanaodaiwa huwa hawapo, kama kwamba marehemu wote wa nchi hii walikuwa wakopaji na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkopesha mtu. Nilikuwa na daftari langu. Nilikuwa nimeligawa kwa rula safu mbili: Wanaodai, Wanaodaiwa.

Akasimama mama mmoja mjane kutoka vijiji vya upande wa ziwani. Aliwaamkia wazee, kisha akasema kwamba miaka mingi iliyopita mume wake alipewa na marehemu mtamba mmoja amtunze. Makubaliano yalikuwa kati ya wanaume wawili, bila karatasi na bila shahidi. Mume alikufa. Sasa na mwenye ng'ombe amekufa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua habari ya mtamba yule isipokuwa yeye.

Mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mpole anayefanya kazi Mwanza, alisimama akamjibu kwa heshima kubwa: "Mama, sisi hatujui habari hiyo. Na hata kama ipo, sisi hatukudai." Watu wakanong'ona kumsifu. Ilikuwa kauli nzuri, na ilitoka moyoni, maana alimwona mama yule na kanga yake iliyopauka na ndala za miguu miwili isiyolingana. Yule mama hakukaa. Akasema: "Najua hamnidai, mwanangu. Lakini ninalo."

Niliangalia daftari langu. Nimwandike wapi? Safu ya Wanaodai haikumhusu. Safu ya Wanaodaiwa mwenye mji ameshaifunga mbele ya watu wote. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu yake Wenye deni, na jina la mama yule likawa peke yake kwenye ukurasa.

Siku ya kuanua matanga wazee tulikaa kulijadili. Ng'ombe si fedha taslimu. Mtamba yule alizaa, watoto wake wakazaa, wengine wakafa kwa ugonjwa, dume mmoja aliuzwa kwa ajili ya matibabu ya mume. Siku ile mama alikuwa na ng'ombe wawili na ndama jike aliyekwisha kuachishwa, wote ukoo wa yule mmoja, na ndio waliokuwa mali yake yote yenye miguu. Mzee mmoja alisema arudishe mtamba kwa mtamba, basi. Mwingine alisema haki ni kugawana uzao nusu kwa nusu, kwa kuwa aliyechunga naye ana jasho lake. Wa tatu, ambaye tangu ujana wake hupenda kumaliza kikao mapema, alisema marehemu alikaa miaka yote hiyo bila kuuliza, na kimya chake kilikuwa msamaha. Tusichimbe kaburi kutafuta madai.

Hoja ya huyu wa tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, na ndiyo ambayo sarufi yetu inaiunga mkono. Aliyekuwa mtendaji ameondoka. Kitenzi kimebaki bila kiima. Mwenye kudaiwa anatokaje tena na deni wakati anayedai hayupo? Tukamwuliza mama ana maoni gani. Akasema neno moja tu ambalo wazee hawakulijibu: "Maziwa niliyanywa mimi na wanangu."

Mtoto wa marehemu alikuja na njia ya katikati. Mama alete yule ndama jike, naye atapokelewa kama zawadi kwa wafiwa, nasi tuandike hivyo. Alitaka kumfichia mjane aibu, na nadhani alitaka kujifichia na yeye, kwa kuwa si jambo jepesi mtu mwenye mshahara kuonekana anapokea ng'ombe wa maskini. Mama alikataa. Alisema: "Zawadi ni hiari yangu. Hii si hiari yangu."

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Angekubali liitwe zawadi, angepata sifa. Mji mzima ungesema tazama mjane alivyo na moyo. Alikataa sifa hiyo kwa sababu ingemgeuza marehemu mume wake kuwa mtu ambaye hakuwa na ahadi, ambaye ng'ombe wake walitoka hewani. Ahadi ni deni, tunawaimbisha watoto darasani. Yeye aliitetea ahadi ya mtu mwingine, aliyekwisha kuoza, mbele ya watu waliokuwa tayari kuisahau kwa wema kabisa. Ndama aliletwa, nikaandika "amelipa", na wafiwa wakampokea. Wapo waliotulaumu sisi wazee kwa kuruhusu. Mimi siamini kwamba tungemtendea wema kwa kumnyima haki ya kulipa.

Niliposhika kile kitenzi cha Kigiriki, nilitaka kujua maneno ya mama yule yangekuwaje katika lugha yenye mtendaji. Nikampa mjukuu kazi: nitafsirie "hakuna anayenidai, lakini ninalo". Akaandika haraka: den khrostao se kanenan. Nikamwambia nieleze. Akasema maana yake "simkhrostao mtu yeyote". Nikamwambia, la hasha, huyu mama anasema analo. Akarudia sentensi, akaona kwamba kwa Kigiriki chake mama anasema hana deni lakini ana deni, yaani hasemi kitu. Baada ya siku mbili akaniletea nyingine, yenye vitenzi viwili: hakuna anayeniomba kitu, na mimi nakhrostao. Alikuwa ametoa kudai nje ya deni, akakipa kitenzi chake chenyewe, kile cha kuomba, kitu cha kwenda na kurudi, na kile cha deni akakiacha kisimame peke yake. Nilimpa alama mia kwa mia. Sijampa mtu alama hizo mara nyingi.

Sitaki msomaji adhani nasema Wagiriki ni waaminifu kutuzidi kwa sababu ya kitenzi. Wana wakwepa kodi wao, wana wadanganyifu wao, na mwenye kutaka kumkimbia mwenye duka atamkimbia kwa sarufi yoyote. Mama yule hakujua neno hata moja la Kigiriki, na lugha yake mwenyewe haikumpa kitenzi. Alifanya hivyo bila kitenzi.

Tena namna yetu ya kusema ina hekima yake. "Nadaiwa na fulani" inamweka mtu mbele yako. Deni letu lina uso. Wajerumani wana neno moja, Schuld, kwa deni na kwa hatia, na Wagiriki wana khreos, ambalo ni deni na pia ni wajibu. Maneno ya namna hiyo yanaweza kuning'inia juu ya mtu bila kujua amkabili nani. Kiarabu kilichotupa deni na dini kinayaandika maneno hayo mawili kwa herufi zilezile tatu. Sisi tulichukua deni tukaliunga kwa binadamu. Na katika desturi za huku, anayedai ana adabu yake: atakuja nyumbani kwako jioni, ataongea habari za mvua, za pamba, za bei ya dagaa, atakunywa uji, ataaga. Hajadai chochote, na wewe umeelewa. Lakini adabu hiyo inadhani kwamba mwenye deni ana masikio. Ukiiondoa adabu ukaacha sarufi peke yake, unapata hii mikopo ya kausha damu iliyowaingia akina mama wa mjini siku hizi, ambapo kudai ni kubeba kitanda na masufuria. Huko mdai yupo kweli, na sauti yake inasikika mpaka barabarani. Nashuku kwamba kadiri madai ya sauti yanavyozidi, ndivyo tunavyozidi kuamini kwamba lisilopigiwa kelele si deni. Na tazama jinsi magazeti yanavyolitumia neno lenyewe: "anadai kuwa" maana yake hatujui kama ni kweli.

Neno lile la maziwa limenisaidia pia katika jambo kubwa zaidi, ambalo mtu wa mkoa huu hawezi kulikwepa. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hapo jirani, aliuliza mwaka 1985 kama ni haki tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni ya nchi. Swali lile lilizunguka dunia. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya deni lake la nje, chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Ada ya shule za msingi ilifutwa katika kipindi hichohicho, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wakati huo. Niliandikisha darasa la kwanza watoto wa miaka saba pamoja na wa miaka kumi na miwili, wakakaa dawati moja, wengine wakakaa chini, wakijifunza a, e, i, o, u kwa sauti moja. Baadhi ya vyumba walivyosomea vilijengwa kwa fedha ambazo pengine zingekwenda kulipa riba.

Wenyewe walisema hawatudai tena. Na kulipa wazazi wao mikopo ambayo hawakuionja ingekuwa dhuluma. Maziwa ya baadhi ya mikopo ile yalinywewa na watu wengine kabisa. Lakini watoto wale, hawa niliowaandikisha mimi, walikunywa. Leo ni watu wazima, ni madereva, wauguzi, walimu. Sidhani wanadaiwa na mtu yeyote. Nadhani wanalo.

Binti yangu aliona upande wa pili wa swali hili huko aliko. Mwaka 2010 Ugiriki ilishindwa kuubeba mzigo wa madeni yake, na naibu waziri mkuu wao, Theodoros Pangalos, akasema kwamba fedha zile walizila pamoja, wakubwa na wananchi. Sisi tunaoelewa maana ya kula fedha hatuhitaji tafsiri. Watu walikasirika sana, hasa wale ambao hawakukumbuka kuitwa mezani. Mwishoni mwa Juni 2015 mabenki yalifungwa na mtu akaruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku. Binti yangu alipanga foleni kama wengine, ingawa alifika huko hana hata kijiko. Tarehe 5 Julai walipiga kura ya maoni, na kiasi cha watu 61 katika kila 100 wakayakataa masharti ya wakopeshaji. Wiki moja baadaye serikali yao ikakubali mkopo mwingine wenye masharti. Wazee wa Athens waliokuwa wakitunzwa na binti yangu walipenda kukumbusha kwamba mwaka 1953, kule London, Ujerumani ilipunguziwa madeni yake kwa karibu nusu, na Ugiriki ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Walikuwa na kitenzi kizuri cha mwenye deni, lakini kilikuwa kinatembea kutoka mdomo mmoja hadi mwingine: wao wanakhrostane, sisi hatukhrostame. Kumtaja mtendaji si kazi ngumu mradi mtendaji ni mwingine.

Narudi kwenye mambo madogo ninayoyaweza. Nilipokuwa mvulana, katika miaka ya 1960, shule ya kati ilikuwa mbali na kwetu, mwendo wa siku. Nilikaa kwa mama mmoja ambaye hakuwa ndugu yetu kwa damu wala kwa ndoa. Alikuwa na watoto wake sita. Nilikula kwake ugali wa muhogo na mtama kwa miaka minne, nikalala na wanawe kwenye mkeka mmoja, na blanketi alilonipa lilikwenda nami hadi chuo cha ualimu. Nilipopata mshahara wa kwanza nilimpelekea sukari na kitenge, akaimba na kunibariki, na kila mwaka nilikwenda kumwamkia mpaka alipofariki mwaka 1978. Hakuwahi kusema neno la kudai. Kwa hesabu ya dunia hii mambo yetu yalikuwa safi.

Nilipokuwa nakariri kile kitenzi uani niligundua kwamba kila nilipohitaji mfano wa "sou khrostao", nakukhrostao wewe, ni uso wake uliokuwa unakuja.

Ana mjukuu wake hapa Bunda, fundi pikipiki karibu na stendi, ambaye tunasalimiana kila ninapopita. Juzi nilikwenda nikakaa kwenye kigoda chake akiwa amefungua injini. Nikamweleza habari ya bibi yake, mkeka, ugali, miaka minne. Alisikiliza huku anafuta mikono kwa kitambaa chenye oili. Kisha akasema, kwa adabu, "Mwalimu, bibi hakutuachia neno lolote juu yako. Sisi hatukudai."

"Najua," nikamwambia.

Akaniangalia kidogo. "Sasa itakuwa kiasi gani, mzee?"

Nikamwambia amalize kwanza ile injini, mwenyewe anaisubiri, halafu tukae tuhesabu.